Jinsi nilivyochagua ugumu wa viatu vya skii nikiwa Nakuru

Dada yangu anayefanya kazi Innsbruck, nchini Austria, aliponialika nikajifunze kuteleza kwenye theluji kwa skii, yaani vibao virefu vyembamba vinavyofungwa kwenye viatu, aliniuliza ningependa viatu vya fleksi ngapi. Fleksi ni nambari inayochapwa kwenye kiatu, aghalabu kati ya 60 na 130, nayo hueleza jinsi gamba la plastiki linavyokataa kupinda muundi unapolisukuma mbele. Watengenezaji hawafuati kipimo kimoja, hivyo 100 ya huyu inaweza kuwa laini kuliko 90 ya yule.

Nambari hizo zilinielea nilipokuta jozi kuukuu ya 120 katika soko la mitumba hapa Nakuru. Mwenye kibanda hakujua ni viatu vya kazi gani, lakini aliniruhusu nivijaribu. "Ndugu yangu, ukivaa hivi hutanunua vingine," alinihakikishia. Nilifunga bizimu zote, nikaegemea mbele kwa kilo zangu zote 88, na gamba halikusogea. Badala yake visigino viliinuka na kiwiliwili kikarudi nyuma. Anayeteleza akiwa ameegemea nyuma huziondolea ncha za skii mgandamizo, nazo hukataa kugeuka anavyotaka. Tena hilo lilikuwa kwenye jua la mchana, ilhali plastiki huzidi kukaza penye baridi. Sikuvinunua, kwa kuwa pia plastiki iliyozeeka huweza kupasuka ghafla.

Wenzangu ninaokimbia nao kuelekea Menengai walishikilia kwamba miguu yenye nguvu inastahili kiatu kigumu. Sikukubaliana nao. Mashindanoni watu huvaa viatu vigumu sana kwa sababu kasi yao ni kubwa na kila msukumo wa muundi lazima uifikie skii mara moja, ila anayeanza huenda polepole na bado anajifunza kukunja vifundo vya miguu. Hata hivyo, uzito nao una neno lake: kiatu cha 60 kinachomfaa mwanafunzi mwepesi kingelala chote chini ya mtu wa kilo zangu. Nilimjibu dada kwamba nitajaribu 80 na 90.

Nilipofika Austria, katika duka la kukodisha viatu, mhudumu alianza kwa kupima mguu wangu kwa sentimita, na alifanya vyema, maana ndani ya kiatu kipana mguu huelea na nambari ya fleksi haikusaidii kitu. Ile 80 ilikunjika hadi mwisho bila kunizuia. Ile 90 ilipinda taratibu, magoti yakapita mbele ya vidole, visigino vikabaki chini, na muundi ukashikwa na ulimi wa kiatu bila kuuma. Nilichukua hiyo.

Kwenye mteremko wa wanaoanza niliweza kuegemea mbele na kugeuka pande zote mbili, na asubuhi za baridi kali, gamba lilipokaza, nililegeza kidogo bizimu ya juu hadi likapinda nilivyolizoea dukani.