Mpira wa pili: nilivyojifunza kutogeuza shingo

Nilipoingia mwaka wa tatu wa sekondari hapa Goma, mwalimu wetu wa mpira wa wavu aliniondoa kwenye nafasi ya kupiga akanifanya mpangaji, yule ambaye sisi, kwa mazoea ya Kifaransa, tulimwita paseri. Niliumia sana. Mpigaji ndiye anayeruka kwenye wavu wenye urefu wa mita 2 na sentimita 24 na kushangiliwa. Mpangaji huugusa mpira wa pili, akauinua, kisha watu wote wakamtazama mwingine. Nilimwendea mwalimu kumwuliza nimekosa nini, naye akanijibu, "Binti yangu, mikono yako ni mizuri kuliko ya wenzako wote. Kinachotuangusha ni macho yako."

Sikumwelewa mpaka mazoezi yalipoanza. Kiwanja chetu kilikuwa juu ya mawe meusi ya volkano, yaliyosawazishwa kwa nyundo na kufunikwa udongo ambao kila mvua kubwa iliuchukua. Hakuna aliyethubutu kujirusha chini kuuokoa mpira, kwa kuwa mawe yale huchana goti kama wembe, na kwa hiyo mara nyingi mpira wa kwanza uliruka upande wowote ule, nami ndiye niliyepaswa kuufuata. Timu hupewa miguso mitatu tu kabla ya kuurudisha mpira ng'ambo ya wavu, na kati ya mguso wa kwanza na wa pili kuna kama sekunde moja hivi. Sekunde hiyo mimi niliitumia kumtazama aliyekosea. Niligeuza shingo, nikamkazia macho, mara nyingine nikalitaja jina lake kwa sauti ya lawama, na nilipoukimbilia mpira nilikuwa nimekwisha kuchelewa. Kosa lake moja nililifanya mawili.

Dawa aliyonipa mwalimu ilikuwa ya kuchosha. Kila Jumatano baada ya masomo alisimama nyuma yangu na mipira minne mikuukuu, akanirushia vibaya kwa makusudi: mmoja miguuni, mwingine juu ya kisogo, mwingine kule karibu na ukuta wa vyoo. Nilikatazwa kutazama ulikotoka. Nilitakiwa kutanguliza miguu na, kabla ya kuugusa mpira, kutaja kwa sauti jina la yule ninayempelekea. Nisipolitaja, mpira haukuhesabiwa hata ungekuwa mzuri namna gani. Majuma mawili ya mwanzo ulimi ulikataa kabisa. Nilikuwa nimezoea majina ya wenzangu yatoke kinywani mwangu kama mashtaka, na sasa majina yaleyale yalipaswa kutoka kama mwaliko.

Katika nusu fainali ya mwaka uliofuata tulifikia seti ya kuamua, ile inayochezwa hadi pointi 15, tukiwa 13 kwa 13. Mdogo wetu kuliko wote aliupokea mpira kwa mkono mmoja, ukaruka kuelekea mstari wa nyuma, nami nilikuwa nimekwisha kuondoka mbio kabla sijajua ni nani aliyeugusa. Nikiwa nimeupa wavu mgongo, niliita jina la kapiteni wetu aliyekuwa upande wa kushoto, nikauinua mpira juu sana ili apate muda wa kufika, naye akaupenyeza katikati ya mikono ya wapinzani. Hata hivyo tulishindwa 17 kwa 15, na mpira wa mwisho ulipotea mikononi mwa yule yule mdogo wetu. Njiani alitembea ameukumbatia mkoba wake, analia bila sauti. Nilimwambia, "Mdogo wangu, Jumatatu uje mapema, nitakurushia mimi."

Jumatatu hiyo mwalimu alichora kwa chaki makosa yake yote, moja baada ya jingine, akamwonyesha jinsi ya kusogeza miguu. Nalieleza hili kwa kuwa wako wanaodhani kwamba kutolaumu ni kufumba macho. Makosa tuliyazungumza sana katika timu ile, tena bila kupunguza neno, lakini tuliyazungumza mpira ukiwa umekwisha kutua.

Miaka miwili baada ya kumaliza shule, usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, anga juu ya Nyiragongo, mlima wa volkano ulio karibu na mji wetu, lilikuwa jekundu, na mtaa mzima wa Majengo ulikuwa barabarani na magodoro vichwani. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akitoka. Mama alitaka kujua ni nani aliyeuhamisha mfuko wa hati zetu, yaya wangu (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa) akajibu kwamba aulizwe Baba, na Baba akawa anaapa kwamba hajaugusa. Nilihisi shingo yangu ikitaka kugeuka, kwa maana nilijua vizuri aliyeuhamisha. Nikaanza kutaja majina. "Baba, nakuomba tochi, umulike kule jikoni. Yaya, mbebe mtoto. Mama, chukua maji, sisi tutabeba unga." Mfuko tuliukuta nyuma ya gunia la makaa, tukaufuata umati hadi mpakani, tukavuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Lava ilisimama Buhene, kwenye ukingo wa mji, na tuliporudi kesho yake nyumba yetu ilikuwa salama. Habari ya mfuko iliulizwa siku hiyo, tukiwa tumeketi, na yaya akaieleza mwenyewe bila kubanwa.

Siku hizi, Jumamosi alasiri, nawarushia mipira wasichana wa shule moja ya jirani. Wiki iliyopita mpangaji wao alipata mpira mbovu, akaanza kugeuza shingo, kisha akajizuia na kuliita jina la mpigaji wake hatua mbili kabla ya kuufikia. Mpira uligonga wavu. Nikamrushia mwingine.