Kisumu hadi Nairobi kwa ndege, saa zenyewe ni ngapi

Wiki iliyopita nilimpeleka mama Nairobi kuona daktari, na vile mgongo wake hauwezi tena basi la usiku ikabidi tupande ndege. Usiku kabla ya kukata tiketi nilikaa na simu natafuta umbali na muda, maana mama anapenda kuambiwa kitu cha uhakika, na hapo ndio nikaona watu wengi tunahesabu hii safari vibaya.

Kwa mstari ulionyooka, toka uwanja wa Kisumu hadi JKIA, ule uwanja wa ndege wa Nairobi, ni kama kilomita 280. Kwa barabara ya Kericho na Nakuru inakaribia 350. Sasa ndege ya mapanga kama Dash 8 Q400 inakimbia kilomita 600 na kitu kwa saa, ukigawanya unapata nusu saa hivi, lakini tiketi inakuandikia kama dakika 50. Hizo zingine zimeenda wapi? Muda wa tiketi unaanza ndege ikitoka pale imeegeshwa mpaka isimame kabisa Nairobi. Halafu hiyo mbio haiipati mara moja, inapanda kwanza, ikifika juu inakaa kidogo tu inaanza kushuka, na kukiwa na foleni ya kutua Nairobi inazungushwa. Hata kuruka kwenyewe, mchana upepo ukivuma kutoka ziwani ndege inaruka ikiukabili, ikielekea majini, yaani unaanza kwa kwenda magharibi na Nairobi iko mashariki, ndio sasa inageuka.

Hapo kwa kugeuka mama alinishika mkono kwa nguvu, vidole baridi kabisa, kisha akaona yale mashamba ya mpunga ya Kano yamekatwa vipande vipande vinang'aa maji akaniachilia. "Hiyo si Ahero?" Nikamwambia ndio mama. Hewani tulikaa dakika 38, niliweka saa.

Lakini mlango kwa mlango ni hesabu ingine. Nyumbani Mamboleo, Kisumu, tulitoka saa saba mchana, ndege ikaruka saa tisa na dakika arobaini, tukatua, tukangoja kiti cha magurudumu mpaka abiria wote wakaisha (hicho jameni omba siku ile ile unakata tiketi, mimi niliomba nikiwa uwanjani na mama akaumia bure), kisha jam ya Mombasa Road, Donholm kwa dadangu tukaingia saa kumi na mbili jioni. Jumla ni masaa matano. Basi lingetuchukua masaa saba au nane, na mama angefika hawezi kusimama, kwa hivyo sijutii hata shilingi.

Kuna mwenye ameniuliza kuhusu Kisumu na Eldoret. Hewani ni kama kilomita 80 tu, wewe panda matatu ya Kapsabet.

Kurudi nimekata ya saa tano asubuhi ndio tutoke Donholm jam ikiwa imepungua, na kiti nimeshaomba.