Nguzo za uzio, wiki ya 3: zege na baridi ya Njombe

Kalibu za kumwagia zege ninazo 4 tu, na nguzo ninazohitaji ni 60. Kwa baridi hii ya Julai, zege nililomwaga jioni ukilibonyeza kwa ukucha kesho yake saa 3 asubuhi bado linaacha alama. Nguzo 2 nilizofungua mapema zimemeguka kingo.

Fundi jirani akaniambia, "Kaka, ziache zikauke juani." Lakini zege halikauki kama udongo, linaganda: saruji inafungamana na maji na kuwa kitu kingine. Ikilowa hutoa joto kidogo, kisha hutulia kwa saa kadhaa kabla ya kuanza kazi yenyewe. Baridi hurefusha huo utulivu. Kiharakishi huufupisha.

Kinachojulikana zaidi, tena kwa bei ndogo, ni kalsiamu kloridi. Nimeikataa kabisa. Nguzo zangu zina nondo, na kloridi huifanya nondo ipate kutu humo ndani, ikavimba na kulipasua zege. Nimechukua kalsiamu naitreti, mbolea wanayoijua wakulima wa nyanya. Hiyo huongeza kalsiamu kwenye maji ya zege, kwa hiyo fuwele huanza kujijenga mapema. Soma mfuko vizuri dukani: CAN ni mbolea nyingine, ina amonia nyingi.

Jumamosi jioni: saruji kilo 10, maji lita 5, mbolea gramu 200, yaani 2% ya saruji. Niliiyeyusha kwenye maji kwanza, maana punje zikiingia nzima zege haligandi sawasawa. Nilipoyatia maji hayo kwenye saruji, mara harufu kali ya amonia ikapanda. Hata mbolea hii huwa nayo kidogo, na saruji huifukuza. Changanyia nje, usiinamie ndoo. Kalibu 2 nilijaza zege lenye dawa, 2 lisilo na dawa.

Jumapili saa 2 asubuhi nilikwaruza kwa msumari. Kwenye zile zisizo na dawa ulichimba mfereji. Kwenye zenye dawa uliteleza tu! Nikafungua: kingo kali, hakuna ufa. Nilizishika muda mrefu.

Kasoro ni kwamba zege lilianza kushika nikiwa bado nashindilia kalibu ya pili. Nilitamani kuongeza maji, nikajizuia, kwa sababu maji ya ziada hupunguza nguvu. Na kuganda haraka si kukomaa: zote 4 nimezifunika magunia, namwagilia siku 7. Siku ya 28 nitalaza moja ya kila aina juu ya matofali mawili na kuning'iniza ndoo za mchanga hadi ivunjike.

Jumamosi ijayo najaribu gramu 100.