Siku moja na jengo la fremu chini, makazi juu

Saa 1:30 asubuhi. Mimi ni msanifu majengo. Simu hazijaanza, nafungua ramani ya nguzo za jengo ambalo vyumba vyake viweze kubadilishwa baadaye. Jengo ni la Magomeni, Dar es Salaam: fremu za maduka na maegesho chini, ghorofa sita za makazi juu, nyumba nne kila ghorofa. Kila nyumba iko kwenye kona ya jengo, ipate upepo wa kusi na wa kaskazi pande mbili. Nguzo hadi nguzo ni mita 8.1. Chini yanaenea magari matatu, au fremu mbili za mita 4. Juu, 8.1 gawanya kwa sita ni 1.35, na madirisha yote yanafuata kipimo hicho, kila moja likifuatiwa na kipande cha ukuta. Sebule ikigawanywa baadaye, ukuta mpya una pa kushikia. Bila hivyo unaishia katikati ya kioo, na chumba hiki kinasikia maneno ya kile.

Saa 3:00. Mhandisi wa miundo. Tunachagua slabu bapa, yaani sakafu ya zege ya milimita 260, isiyo na boriti za kuning'inia, maana boriti ndiyo huamua ukuta ukae wapi. Ukuta wa tofali za inchi 6 na plasta hukaribia tani moja kwa kila mita ya urefu. Wa jipsamu haufiki kilo 150. Basi tofali zitenganishe nyumba na nyumba, ndani iwe jipsamu. Ghorofa mbili za kwanza tunazihesabia mzigo wa ofisi, kilonyutoni 2.5 kwa mita ya mraba badala ya 1.5 ya makazi, ili ziweze kugeuzwa ofisi.

Saa 5:00. Dakti, yaani njia za wima za kupitishia mabomba, na hapa ndipo asubuhi yote inapokwenda. Chumba kinahama, choo hakihami. Bomba la inchi 4 linahitaji mteremko wa sentimita 2 hivi kwa kila mita. Ukisogeza choo mita 4 umeshuka sentimita 8, na dari ya jirani wa chini inaanza kushuka. Kwa hiyo jiko na bafu vyote vinabanwa kwenye dakti moja, inayoteremka wima hadi ukuta unaotenganisha fremu mbili, na mlango wa ukaguzi upande wa nyuma. Wengi hulipindisha bomba juu ya dari ya duka. Kona ikiziba, maji machafu yanamwagikia vitenge vya watu. Dakti isikae ubavuni mwa nguzo pia: slabu bapa hubeba mzigo mkubwa zaidi hapo, na fundi bomba akitoboa anakata nondo zinazoishikilia.

Saa 8:00 mchana. Maji: watu 120, kila mmoja lita 120 kwa siku, akiba ya siku mbili, tangi la lita 30,000. Mita ya umeme ya LUKU kila nyumba, na moja ya lifti, pampu na taa za ngazi.

Saa 9:30. Ukuta wa majaribio. Jipsamu ifike kwenye slabu, isiishie darini, na nyuma yake iwekwe plaiwudi pale kabati zitakapofungwa. Swichi na soketi pande zote mbili.

Saa 11:00 jioni. Mteja anataka kufuta mlango wa pili wa chumba cha mbele. Namwomba auache. Chumba hicho kina choo chake na kinafungukia koridoni, kama chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili: leo cha bibi, kesho cha mpangaji au cha cherehani. Amekubali, na ramani zinakwenda kwa mkadiriaji majenzi.