Siku moja maishani mwangu: kumsaka mtu yuleyule kamera hadi kamera

Saa mbili asubuhi. Modeli yangu, yaani programu inayomtafuta mtu yuleyule kwenye picha za kamera tofauti, imemaliza kujifunza usiku. Kwenye Market-1501, mkusanyiko wa picha za wapita njia wa kupimia modeli kama hizi, jibu lake la kwanza ni mtu sahihi kwa zaidi ya asilimia 90. Poa, ila sirukiruki, maana data hiyo ni ya 2015, kamera 6 tu, zote mbele ya supamaketi moja ya Chuo Kikuu cha Tsinghua, na siku hizi karibu kila mtu anaipatia.

Saa tatu nafungua picha zilizokosewa, na hapa ndo kazi ilipo. Wengi wanadhani tunatambua sura, jamani sura ipi, picha yenyewe ni pikseli 256 kwa 128, uso ni doa! Mtandao wa neva, ndo ubongo wa modeli (wangu ni aina ya ResNet-50), unageuza kila picha kuwa namba 2,048 afu tunapima umbali, picha za mtu mmoja zikae karibu, za mwingine zikae mbali. Sasa kuna dada mmoja hapa ana begi jekundu mgongoni. Kamera ya nyuma inaliona lote, ya mbele inaona mikanda miwili myembamba mabegani basi, kwa hiyo modeli inaniletea kaka mwenye tisheti nyekundu, tena kwa kujiamini kabisa.

Saa tano naongeza mafunzo ya picha tatu tatu: ya mtu fulani, yake nyingine kutoka kamera tofauti, na ya mtu baki. Huyo mtu baki lazima afanane naye, ukiweka wa nguo tofauti kabisa modeli haijifunzi lolote, mtihani mwepesi. Pia nafuta kipande cha picha ovyo ovyo ili isiling'ang'anie begi.

Saa saba msosi.

Saa nane naijaribu kwenye kamera ambazo haijawahi kuziona, asilimia zinaporomoka vibaya sana. Mwanga tofauti, pembe tofauti. Na mtu akibadilisha nguo ndo imekula kwetu, ndo maana mimi nasema tunachokiita kumtambua mtu kwa sehemu kubwa ni kutambua nguo zake, wenzangu hawapendi nikisema hivyo lakini waangalie makosa wenyewe.

Saa kumi kikao. Mmoja anataka tuchukue picha za kamera za mlangoni, eti watu wanapita tu. Nikamkumbusha DukeMTMC, data ya video za watu waliokuwa wakipita Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, chuo chenyewe kiliiondoa mtandaoni 2019 kwa sababu ya mambo ya faragha hayahaya. Akanuna, tukahamia bajeti ya seva.