Kipanya chenye Kitanda: Dar hadi Lusaka kwa Mwendo wa Malori

Ukitaja gari la kulala na kupikia, wengi wetu tunawaza Wazungu wenye Land Cruiser na hema juu ya paa. Lakini katika barabara ya TANZAM, ile ya Dar hadi Zambia, wenye maisha hayo ni madereva wa malori na matingo, yaani wasaidizi wao. Dereva ana kitanda nyuma ya kiti chake. Dumu la maji limefungwa kwenye trela, na pembeni ya matairi kuna sanduku la chuma lenye sufuria, mkaa na unga. Wameishi hivyo tangu kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewapiga picha. Kipanya changu kiliongeza mapazia tu.

Ni HiAce ya zamani, paa la juu, injini ya dizeli ya aina ya 3L isiyo na turbo. Ilibeba abiria, kisha wanafunzi, na ukiikagua vizuri ubavuni bado unaona mstari wa njia yake ya zamani chini ya rangi mpya. Seremala wa Keko aling'oa viti, akaweka kitanda chenye droo chini, kabati la vyombo na meza ya kukunja. Mtungi mdogo wa gesi unakaa karibu na mlango wa nyuma, na juu ya paa kuna sola inayochaji betri ya taa na feni. Hakuna choo, na mtu asikudanganye kwamba choo ndani ya HiAce ni wazo zuri.

Safari ilikuwa ya kwenda Lusaka kwa dada yangu aliyeolewa huko, halafu, Mungu akipenda, Livingstone kuona Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya Victoria. Niliongozana na Mjomba, aliyeendesha malori ya Zambia miaka ya 80. Mimi namwita mjomba, naye ananiita mjomba, hivyo humo ndani ilikuwa ni mjomba huyu na mjomba yule kutwa nzima. Yeye alilala kitandani. Mimi nilitandika ubao juu ya viti vya mbele.

Dar mpaka Morogoro sina la kusema zaidi ya foleni ya Kibaha na vibao vya 50. Matrafiki wenye tochi wanajua kila kichaka, na kipanya kilichojaa vyombo vya jikoni hakina haraka ya kuwakimbilia. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inapita kama kilomita 50, tulitembea pole pole kwa hiari yetu. Getini kuna ubao wenye orodha ya faini za kugonga wanyama, na Mjomba alisoma bei ya twiga, akaniangalia, akasema, "Mjomba, hata tukiuza gari na sisi wenyewe, hatufiki." Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, maana kupita pale bila vitunguu ni kujitafutia maneno nyumbani.

Baada ya hapo ndipo barabara inapoanza kukudai. Ruaha Mbuyuni iko bondeni, kwenye joto na mibuyu, na Iringa iko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo unailipa kwenye mlima Kitonga. Tulikuta matawi ya miti yametandazwa barabarani, na kila mtumiaji wa barabara hii anajua maana yake: mbele kuna gari bovu. Semi-trela ilikuwa imegoma kwenye kona, kichwa kimeelekea mlimani na trela limeziba njia. Malori yalikuwa yakipishana kwa zamu, yanayoshuka kwanza, kisha yanayopanda. Tulisogea mita chache, tukasimama, tukasogea tena. Huo ndio mwendo unaoua injini ndogo, kwa sababu mzigo ni ule ule ila upepo wa kupoza rejeta haupo. Mshale wa joto ukapanda. Nikafungua hita ya ndani ili itoe joto, tukawa tunachemka sisi badala ya injini, lakini haikusaidia kitu. Hosi paipu ya juu ya rejeta ilipasuka, mvuke ukajaa mbele ya kioo, nikazima gari na kuelekeza tairi kwenye ukingo.

Tukaongeza matawi yetu juu ya yale ya wenzetu.

Tingo mmoja kijana alishuka kutoka lori la nyuma akiwa na ndala na kisu.

"Shikamoo mzee. Mmechemsha?"

"Marahaba. Hosi paipu imekufa."

Hakuuliza zaidi. Alikwenda kwenye sanduku lake, akarudi na kipande cha tyubu ya tairi, akakikata kuwa ukanda mrefu. Akasubiri paipu ipoe, akaizungushia ule mpira kwa kuuvuta kwa nguvu kila mzunguko, kisha akafunga kwa waya. Mjomba alimkataza mtu yeyote kugusa mfuniko wa rejeta mpaka aweze kuushika kwa kiganja kitupu. Tulijaza maji ya kunywa kutoka kwenye dumu letu, na yule kijana akatuongezea la kwake. Fedha aliikataa. Vitunguu alivikubali.

Tulifika Iringa usiku. Asubuhi tukanunua hosi paipu mpya na kuondoka. Mjomba alinionya kwamba gari likichemka namna ile halikusamehi siku hiyo hiyo, linasubiri ufike mbali na mafundi. Lilisubiri mpaka baada ya Mafinga. Moshi mweupe ulianza kutoka nyuma, rejeta ikawa inatoa mapovu injini ikiwa inaunguruma, na tulipochomoa kijiti cha kupimia oili tukakuta imekuwa chai ya maziwa. Gasketi ya hedi ilikuwa imepasuka, na maji yalikuwa yakipita yasikotakiwa. Tuliburutwa mpaka Makambako na Fuso lililokuwa limebeba mbao.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara ya Njombe na Songea inachepuka hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na upepo wake hauna adabu kabisa. Fundi alifungua hedi siku ile ile. Ilikuwa imepinda, kwa hiyo ilipelekwa Mbeya kwa basi ikasawazishwe kwenye mashine. Gasketi tuliagiza Dar, nayo ikaja kwa basi, imefungwa kwenye boksi lenye namba yangu ya simu kwa kalamu nene. Usafirishaji wa vifurushi kwa mabasi ni mfumo mzuri kuliko tunavyousifia: unatuma fedha kwa simu asubuhi, unapokea spea usiku kwa kondakta. Tatizo lilikuwa muuzaji. Fundi aliilaza gasketi juu ya bloku, akainama, akacheka bila furaha. Ilikuwa ya injini ya 2L. Matundu ya silinda ya 2L yana milimita 92, ya 3L yana 96, na ukilazimisha, ukingo wa gasketi unaingia ndani ya silinda na kuungua. Tukaanza upya: simu, malalamiko, fedha ya kutuma tena, na kusubiri basi jingine.

Kipindi hicho tuliishi kwenye uwanja wa kuegesha malori, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya mtalii na mwenye gari la kulala. Mtalii akikwama anahesabu siku zilizopotea. Madereva wale wakikwama wanahesabu unga. Jioni kila mtu anatoa alichonacho. Sisi tulikuwa na gesi, wao walikuwa na dagaa wa Mwanza, mwingine alikuwa na kuku aliyempata njiani kwa bei ambayo hakutaka kuieleza. Mmoja alikuwa akishusha shaba kutoka Kolwezi, Congo, na alisema sehemu ya safari yake aliyolala zaidi haikuwa barabara bali foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Congo na Zambia. Mwingine alikuwa akipandisha salfa kwenda migodini, na vumbi la njano lilikuwa limeingia mpaka kwenye mishono ya koti lake. Hakuna aliyekiita kipanya changu kambi wala utalii. Waliangalia kitanda, wakabonyeza godoro, wakauliza bei ya mbao.

Mjomba alirudi ujana pale. Aliwasimulia habari ambazo na yeye alizipokea kwa madereva waliomtangulia. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilikatiwa mafuta ya kusini, na mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar kupitia njia hii, ikiwa bado ya udongo. Wakati wa masika lori lilizama mpaka ekseli. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofika Ndola, Zambia, mwaka 1968, mzigo ulipungua. Lami ikafuata, kisha reli, ambayo Wachina waliijenga kuanzia 1970 na ikakabidhiwa 1976. Yeye alianza na Fiat isiyo na kitanda. Alilala kwenye kiti miguu ikitoka dirishani, na ndiyo maana, alisema, haoni aibu kumnyima mpwa wake kitanda sasa hivi.

Gasketi sahihi ilifika. Mjomba alisimama kando ya fundi muda wote wa kukaza hedi, mikono nyuma: boliti za katikati kwanza, kisha za nje, kwa awamu, bila kumaliza moja kwa mkupuo. Fundi alikuwa anajua kazi yake na alimvumilia. Oili ilimwagwa, ikawekwa mpya, gari likaunguruma kwa sauti ambayo hata mke wangu kwenye simu aliitambua.

Kutoka hapo mpaka Mbeya tulipita vizuri. Mteremko wa Mbalizi tulishuka kwa gia namba mbili, kwa sababu makovu kwenye kingo za barabara ile yanajieleza yenyewe. Vwawa tukanunua kahawa. Kabla ya kufika Tunduma tukaona foleni ya malori imelala barabarani, madereva wengine wamefunga chandarua chini ya trela. Magari madogo yanaruhusiwa kupita pembeni, na tulipita tukiwa tumeinamisha vichwa kwa haya, kwa sababu wawili kati yao tulikula nao Makambako.

Mpakani shughuli za kutoka na za kuingia zinafanywa upande unaoingia, kwa hiyo yote tuliyamalizia Nakonde, upande wa Zambia: kadi ya gari, kibali cha muda, ushuru wa barabara, kodi ya hewa ukaa, na bima ya COMESA ambayo watu wanaiita kadi ya njano. Tanzania si mwanachama wa COMESA, jumuiya ya kibiashara ya Mashariki na Kusini mwa Afrika, lakini imo kwenye mpango huo wa bima, na kadi hiyo ukiikata nyumbani inakuokoa na mawakala wa pale wanaokimbilia dirisha la gari lako. Saa ilirudi nyuma saa moja. Kiswahili kiliendelea. Nakonde sokoni unaweza kununua nyanya kwa shilingi, ukarudishiwa kwacha na mama anayekuita kaka.

Zambia ni msitu. Unatembea muda mrefu miombo ikiwa pande zote, kisha kijiji, magunia ya mkaa, asali kwenye chupa za soda, viwavi waliokaushwa kwenye beseni, kisha msitu tena. Njia ya kwenda Chinsali, alikozaliwa Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, tuliipita jioni, na Mjomba alivua kofia bila kusema kitu. Kilichofuata ni mashimo. Mengine yana kina cha kumeza tairi la HiAce, na malori yanayakwepa kwa kuhamia upande wako. Mngurumo ulianza tairi la mbele kushoto, ukawa unaongezeka kila nikikata kulia. Beringi. Tulifika Mpika kwa mwendo wa baiskeli.

TAZARA ina karakana kubwa Mpika, na mji umejaa watu waliowahi kushika spana huko. Fundi tuliyempata alikuwa mzee, na Kiswahili chake alikipata kwa Watanzania aliofanya nao kazi kwenye reli. Yeye na Mjomba walitajiana majina ya watu waliokwisha kustaafu, wengine kufariki, huku beringi mpya ikipakwa grisi. Usiku alitualika nshima, ugali wa Zambia, kwake. Tukaenda na vitunguu vilivyobaki.

Lusaka tuliingia siku ambayo dada alishaacha kutupigia simu. Sasa gari liko uani kwake, na fundi wa mtaani amebadilisha beringi ya upande wa kulia pia kwa sababu hakuna aliyetaka kuisubiri ikatike Kafue. Livingstone ni kama kilomita 470 nyingine. Jana shemeji alikagua kitanda, akavuta droo, akauliza kama nakiuza kipanya. Kabla sijajibu Mjomba alishataja bei, mara mbili ya niliyonunulia, na akaongeza kwamba gasketi ni mpya.