Unene na jiwe la mfereji wa nyongo

Huku kwetu Pemba, mtu mnene akiambiwa kuwa jiwe limeziba mfereji wake wa nyongo na kwamba litatolewa kwa mrija wenye kamera unaopitishwa kinywani, jamaa humwambia kwanza kuwa mwili wake hautastahimili, kisha kuwa apungue kabla ya kwenda. Kauli ya kwanza imetiwa chumvi. Ya pili ina hatari.

Katika kazi hiyo, ambayo hospitalini huitwa kwa herufi ERCP, mrija hushuka hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, pale nyongo inapomwagikia. Daktari huingiza waya katika mfereji, huutazama kwa eksirei, huukata kidogo mlango wake, jambo lililoanza Japani na Ujerumani mwaka 1974, kisha hulivuta jiwe. Kwa kuwa tumbo halipasuliwi, unene wake si kikwazo kikubwa, ingawa mwili mkubwa huhitaji mionzi zaidi ili picha ionekane. Mwenye kazi ngumu kweli ni aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito uliobadilisha njia ya chakula, maana mrija haufiki kirahisi.

Penye hatari zaidi ni kwenye pumzi. Mgonjwa mara nyingi hulazwa kifudifudi akiwa na dawa ya usingizi, na kwa mtu mnene koo huziba upesi na oksijeni hushuka haraka. Khaloo wangu wa Wete alipoulizwa na mtaalamu wa usingizi kama hukoroma, aliona haya akanyamaza. Mumewe ndiye aliyejibu kwamba hata majirani wanajua. Tulicheka sote isipokuwa mtaalamu, aliyeendelea kuuliza kama pumzi humkatika usiku, kwa sababu jibu hilo ndilo humwamulia kama atamwekea mrija wa kupumulia tangu mwanzo. Nadhani swali hilo lina uzito kuliko mizani.

Lipo pia suala la kongosho, tezi ya jirani inayotoa vimeng'enya vya kusaga chakula, ambalo huvimba kwa wagonjwa takriban 3 hadi 10 katika kila 100 baada ya kazi hii. Tafiti hazikubaliani kama wanene huvimba mara nyingi zaidi. Kinachojulikana ni kwamba uvimbe ukishatokea, vimeng'enya vya kongosho huyavunja mafuta yaliyolizunguka, na asidi zinazotoka huweza kudhuru mapafu na figo. Kwa hiyo ni haki ya mgonjwa kuulizia indomethasini, dawa ya kupunguza uvimbe inayowekwa kwa njia ya haja kubwa: katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2012, lenye wagonjwa 602 waliokuwa katika hatari kubwa, waliopata uvimbe huo walikuwa asilimia 9.2 kwa waliopewa dawa na asilimia 16.9 kwa wasiopewa.

Ama ushauri wa kupungua kwanza, khaloo alikwisha kuagiziwa maji ya ndimu na mlo mmoja kwa siku. Mtu akikonda kwa kasi, ini humwaga kolesteroli zaidi kwenye nyongo, na mfuko wa nyongo usiokamuliwa na chakula huituamisha, hata mawe mapya yakaota. Isitoshe, macho yakiwa manjano pamoja na homa na kutetemeka, maambukizi yamekwishaingia nayo huua, basi mgonjwa afikishwe hospitali siku ile ile. Kupungua kuanze jiwe likishatoka, kwa kilo chache kila mwezi, baada ya kuzungumza na daktari kuhusu kuondolewa mfuko wenyewe.